Mstari wa Majivu

Chuma nakijua. Miaka ishirini na mbili Kirumba
nakichomelea, nakipinda, nakikata mageti;
kikibisha nakirudisha motoni.
Lakini hiki chembamba, namba saba mgongoni,
nilichokipokea badala ya deni la madirisha
kwa mhasibu mmoja aliyehamishiwa Tabora,
hiki hakiogopi moto.
Kilinidhalilisha mwezi mzima.

Nilikuwa nachimba. Sina neno jingine.
Mchanga unaruka, mpira unabaki umekaa
kama mgeni anayesubiri chai.
Au naugonga utosini, unatambaa chini kwa chini
mpaka majini, na korongo wa Igombe,
wale wenye vipara na makoti ya wachimba kaburi,
wanageuza shingo kuutazama,
kisha wananitazama mimi.

Nyanzobe ndiye aliyenihurumia.
Amebeba mifuko ya wacheza gofu tangu darasa la sita,
bega moja limeshuka kidogo mpaka leo.
Alikuja na majivu ya jiko kwenye kopo,
akayamwaga juu ya mchanga mbichi,
mstari mweupe, mrefu kama mtu aliyelala.
"Mpira tia mfukoni. Leo hakuna mpira.
Piga mbele ya mstari, upande unakokwenda.
Jeraha la mchanga lianzie hapo."

Nikamwambia mimi nataka upae.
"Ndiyo maana haupai. Unaunyanyua
kama mtoto aliyelala usiyetaka aamke.
Wewe shuka. Kupaa ni kazi yake."

Basi nikashuka.
Uzito mguu wa kushoto, mikono itangulie,
kichwa kisikimbilie habari kabla haijatokea.
Nyuma ya mstari.
Nyuma.
Juu yake, majivu yakanijaa puani.
Nyuma. Mbele! Nyuma.
Mawimbi ya ziwa hayana haraka wala adabu,
yanakuja kuulamba mstari,
nachora mwingine.

Kwenye mlango wa karakana naandika kwa chaki:
Jumanne, sitini, mbele kumi na moja.
Ijumaa, sitini, mbele kumi na tisa.
Jumapili baada ya ibada, sitini, mbele tisa,
na mgongo.
Wateja wanauliza kama hayo ni madeni yao.

Mke wangu Ng'walu anasema,
"Mwanamume mzima, unakwenda kuuchapa ufuko."
Namjibu kamba hukata jiwe.
Ananionyesha kwa kidevu mawe ya mji huu,
yalivyobebana juu ya vilima
tangu babu yake babu hajazaliwa.
"Lipi limekatwa?"
Sikuwa na jibu. Nikabeba kopo langu.

Siku ile wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji
kama moshi wa kiwanda kisichoonekana.
Nyanzobe akatoa mpira mmoja,
mkwaruzo shavuni, akauweka juu ya mstari
bila kusema kitu.

Sikuhisi chochote. Hilo ndilo lililonishtua,
mimi ambaye mkono wangu hujua
kila mahali chuma kinapogusa.
Sauti ndogo tu,
kama ulimi ukibanduka kwenye kaakaa.
Nilipoinua macho ulikuwa umeshapita wadudu,
mweupe, umesita kidogo kule juu
kama unakumbuka ulichosahau nyumbani,
ukaangukia karibu na ndoo niliyoilenga.
Hatua nane hivi. Nilizihesabu mara mbili.

Nikarudi kuangalia chini.
Kovu la mchanga lilianzia mbele ya majivu,
upana wa vidole viwili mbele,
safi, kama limekatwa kwa msumeno wangu mwenyewe.

"Wabeja," Nyanzobe akasema,
akikiangalia chuma, siyo mimi.

Nikapiga wa pili.
Nikachimba.
Akaninyooshea kopo.